Mashine Moja, Watoto Wawili

Wodini walimwita Sista Pumzi, jina ambalo hakulipenda wala hakulikataa. Lilitokana na maneno yake mawili ya kila siku: "Vuta pumzi." Aliwaambia hivyo wanawake wenye uchungu, akawaambia waume waliokuwa wakiishiwa nguvu kwenye korido. Inasemekana siku moja alimwambia hata mkaguzi aliyekuja kufoka juu ya milango isiyopakwa rangi. Mkaguzi akavuta kweli, akasahau nusu ya aliyokuja kuyafokea.

Alikuwa na miaka arobaini na tisa, na ishirini na miwili kati ya hiyo alikuwa ameimaliza katika wodi ileile ya wazazi, kwenye kituo cha afya kilichojengwa kwa ajili ya mtaa mmoja na sasa kilichohudumia mitaa saba. Kusimama kulimvimbisha miguu hadi akaanza kununua viatu vilivyomzidi kidogo. Mumewe, mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi ya jirani, alipenda kumtania kwamba yeye hakuoa mke, alioa wodi, na wodi humruhusu mke kuja nyumbani kusalimia.

Chumba cha watoto wachanga kilikuwa na vitanda vinne, dirisha moja na mashine moja ya oksijeni. Mashine hiyo ililetwa ikiwa imeshatumika kwingine, na kila ilipowashwa ilikohoa kabla ya kuanza kunguruma, basi wauguzi wakaiita Bibi. "Bibi kaamkaje?" ndiyo ilikuwa salamu ya zamu ya asubuhi. Mashine ya namna hiyo ikiwa na kigawanyio, yaani kile kipande cha plastiki kinachopeleka hewa kwenye mipira miwili, watoto wawili wanaweza kupumua kwa pamoja. Kigawanyio cha Bibi kilipasuka mwezi wa pili. Sista Pumzi akaandika barua kuomba kingine. Mwezi wa nne akaandika tena, na mwezi wa tano mara ya tatu. Mwezi wa sita akaenda mwenyewe kwa daktari mkuu wa kituo, akamkuta naye ana barua zake mwenyewe alizozipeleka juu na zisizo na jibu.

"Sista, mimi na wewe tunauandikia ukuta," daktari alisema.

Mwezi wa saba, siku ya mvua, saa tisa alasiri, ndipo yaliyotokea yakatokea.

Fundi cherehani mmoja, mwanamke wa miaka ishirini na minane, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume siku mbili kabla, baada ya uchungu wa siku nzima na nusu. Mtoto alitoka amechoka, rangi kama majivu, na tangu hapo mpira wa hewa haukuondoka puani mwake. Alasiri hiyo akaletwa mama mwingine mbiombio, akajifungua kabla hajafika kitandani. Alikuwa mtoto wa kike aliyetoka kabla ya miezi yake, mdogo wa kutosha kwenye viganja viwili, lakini mwenye kilio cha mtu mzima. Kisha kilio kikaanza kufifia na midomo ikageuka rangi. Gari la wagonjwa lilikuwa njiani kuelekea hospitali kubwa na mgonjwa mwingine. Daktari alikuwa huko huko ndani ya gari. Sista Pumzi alijaribu kuunganisha mipira miwili kwa plasta. Hewa ikavuja, na watoto wote wawili wakaanza kuwa bluu mbele ya macho yake.

Akachagua. Alimwangalia huyu, akamwangalia yule, akautoa mpira kwa mtoto wa fundi akamwekea yule wa kike. Haikuchukua muda zaidi ya kufunga kifungo cha shati. Kisha akamchukua mtoto wa kiume, akawa anampulizia kwa mfuko wa mkono, akiubana na kuuachia, akiubana na kuuachia, mpaka vidole vikafa ganzi. Mtoto alikata roho saa kumi na robo. Yule wa kike aliishi.

Fundi alikuwa amelala upande wa pili wa ukuta. Alipoambiwa, aliuliza jambo moja tu. "Aliumia?"

"Hapana, mdogo wangu," Sista Pumzi akajibu. "Mapafu yake yalichoka. Tulijitahidi sana."

Kila neno lilikuwa la kweli. Ila hayakuwa maneno yote, na yale yaliyobaki aliondoka nayo, akalala nayo, akaamka nayo kwa miezi minane. Hata mumewe, mwalimu, hakumwambia.

Mwezi wa tatu uliofuata, chama cha wauguzi kiliamua kupeleka watu kwa mheshimiwa. Bajeti ya afya ilikuwa inaandaliwa, na mheshimiwa huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati iliyoamua kitu gani kiingie na kipi kisubiri. Watu walimwita Bwana Utepe kwa jinsi alivyopenda kukata utepe. Alishazindua madaraja, vyoo vya shule, na mara moja, kwa mujibu wa wasemaji, bomba lililokuwa likitoa maji tangu mwaka wa juzi. Watu walicheka sana juu yake, lakini walicheka wakiwa wamegeuka kwanza kuangalia nani yuko nyuma.

Sista Pumzi hakuwahi kuzungumza na mwanasiasa maishani mwake. Alichaguliwa kwa sababu ya miaka yake na kwa sababu hakuna aliyeweza kumwita mchochezi. Mratibu wa chama, dada kijana mwenye mkoba mkubwa na moyo wa haraka, aliwakalisha darasani kuwafundisha.

"Hadithi moja, ombi moja, shukrani," alisema. "Dakika tano. Msimlaumu, na msimpake mafuta. Akiuliza msilolijua, semeni hamlijui."

"Na akiuliza ninalolijua?" Sista Pumzi akauliza.

Darasa zima likacheka, wakidhani anatania. Yeye alitazama mikono yake.

Ombi lenyewe liliandikwa kwenye karatasi moja: mashine ya pili ya oksijeni na vigawanyio kwa kila kituo cha afya katika eneo hilo, na fungu la kudumu katika bajeti la kuvitunza. Karatasi hiyo aliibeba kwenye bahasha, akaenda nayo siku ya miadi amevaa gauni lake la kaki na viatu vyake vikubwa. Mratibu alikuwa akimsubiri kwenye lango la ofisi, anatabasamu kama mtu aliyeficha zawadi.

"Dada, nimekutafutia mwenzako wa kuzungumza naye ndani," alisema. "Mama aliyefiwa na mtoto katika wodi yako mwenyewe. Nimempata wiki hii. Mheshimiwa akimsikia huyu, tumemaliza kazi."

Nyuma yake alisimama yule fundi cherehani.

Alikuwa amejishonea gauni jipya la rangi ya udongo. Alimshika Sista Pumzi mikono yote miwili. "Sista, sijawahi kuja kukushukuru," alisema. "Leo nimesema nitakuja nikusemee."

Sista Pumzi alitaka kusema kwamba tumbo linamuuma, au ameacha jiko linawaka, uongo wowote ule. Lakini mlinzi alishafungua lango, na mratibu alishawatanguliza kwa mikono kama mtu anayefukuza kuku.

Chumba cha kusubiria kilikuwa na viti vilivyoshikanishwa kwa chuma, kalenda yenye uso wa mheshimiwa kwa miezi yote kumi na miwili, na feni iliyozunguka bila kuleta upepo. Watu sita walikuwa wamekaa na hakuna aliyeongea na mwenzake. Kila baada ya muda mlango wa ndani ulifunguka, akatoka mtu akipita upesi huku ameinamisha macho. Mwanamume mmoja alitoka na kofia mkononi, akafika mlango wa nje, akasimama kama aliyesahau njia, kisha akaondoka.

Fundi alikuwa akiliangalia pazia. "Pindo hili limeshonwa na mtu aliyetishwa," alinong'ona. "Tazama mishono ilivyopishana."

"Mdogo wangu," Sista Pumzi alianza. "Kabla hatujaingia, kuna jambo…"

Mlango ukafunguka. Katibu wa mheshimiwa, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya chini, aliwaita wao wawili. Mratibu aliponyanyuka, akamwonyesha kiti kwa kidole. "Wawili wametosha, dada."

Mheshimiwa alisimama kuwapokea. Alikuwa mfupi kuliko kwenye kalenda, mikono yake laini na yenye joto, na alimvutia kila mmoja kiti kwa mkono wake mwenyewe.

"Karibuni, mama zangu. Wewe ndiye Sista Pumzi. Nimekusikia siku nyingi. Mwalimu hajambo?"

Sista Pumzi hakukumbuka kumwambia mtu yeyote pale kwamba ana mume mwalimu. "Hajambo, mheshimiwa."

"Bado yuko shule ile ya karibu na nyumbani? Ni bahati. Walimu wengi siku hizi wanapelekwa mbali na familia zao." Alilisema kama mtu anayezungumzia mvua. "Haya, niambieni. Mimi leo ni wa kusikiliza tu."

Akasikiliza kweli. Hakutazama simu, hakutazama saa. Sista Pumzi alieleza jinsi wodi ilivyo, jinsi watoto wanavyozaliwa wengi kuliko vitanda, jinsi kipande cha plastiki kisichozidi kidole kilivyoombwa kwa barua tatu. Alianza kufikiri kwamba huenda dakika tano zitapita salama. Katibu alikaa pembeni na daftari lililofunguliwa, kalamu imelala juu yake, hajaandika lolote.

Kisha fundi akazungumza.

"Mheshimiwa, mimi ni fundi wa nguo. Nikikosa sindano sishoni, hata ningekuwa fundi wa namna gani. Mtoto wangu alifariki pale kwao miezi minane iliyopita. Sista huyu alimhangaikia kwa mikono yake hadi mwisho, wenzake waliniambia. Sikuja kumlaumu mtu. Nimekuja kuomba wapewe sindano."

Mheshimiwa akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai.

"Pole sana, mama. Pole kabisa." Akamgeukia Sista Pumzi. "Nisaidie nielewe, maana mimi si mtu wa hospitali. Siku hiyo mashine ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa nzima."

"Umeme ulikuwapo?"

"Ulikuwapo."

"Basi wakati mtoto wa mama huyu anakata roho, mashine ilikuwa inampa hewa nani?"

Feni ya chumba hicho ilikuwa kimya kabisa. Sista Pumzi alisikia kalamu ikinyanyuliwa kutoka kwenye daftari. Angeweza kusema ilikuwa inampa hewa mtoto mwingine aliyetangulia. Hakuna ambaye angekwenda kuangalia. Lakini fundi alikuwa amemgeukia, uso wake ukiwa wazi kama wa mtu anayesubiri kuambiwa jambo jema, na mbele ya uso ule uongo ulimkatalia kutoka.

"Mtoto mwingine," alisema. "Aliletwa alasiri hiyo. Kigawanyio hakikuwapo."

"Kwa hiyo mtoto wa mama huyu alikuwa kwenye mashine, ukamtoa."

"Nilimtoa."

"Kwa uamuzi wako."

"Wangu."

"Mzazi aliulizwa?"

"Hapakuwa na muda, mheshimiwa. Wote wawili walikuwa wanaondoka."

"Naelewa." Sauti yake ilikuwa ya upole kuliko mwanzo. "Na baada ya hapo? Miezi minane yote, muda haukupatikana?"

Kalamu ya katibu ilikuwa inakimbia. Mheshimiwa aliegemea mbele, akaweka mkono karibu na mkono wa fundi bila kuugusa.

"Mama, umeona jinsi mambo yanavyobadilika. Ulikuja hapa ukiamini kwamba kilichokosekana ni kifaa. Kumbe kifaa kilikuwapo, kinafanya kazi. Kuna mtu alikiondoa. Ukitaka kulalamika rasmi, ofisi yangu itakuandikia kila kitu. Wewe utaweka saini tu."

Fundi alikuwa ameishika shingo ya gauni lake, anaisokota.

Ile bahasha ya ombi ilibaki mezani bila kufunguliwa. Walipotoka, mratibu aliruka kutoka kwenye kiti. "Imeendaje?" Walipita mbele ya wale watu waliokaa, na Sista Pumzi akajikuta naye ameinamisha macho.

Nje jua lilikuwa kali. Fundi alitembea haraka mpaka kwenye kona ya ukuta wa ofisi, kisha akasimama ghafla.

"Kwa nini uliniambia mapafu?"

"Mapafu yalikuwa mabovu kweli."

"Sikuuliza hilo."

"Niliogopa," Sista Pumzi alisema. "Nilikuona umelala pale, nikaogopa. Kesho yake nikaogopa zaidi. Baadaye ikawa siwezi."

"Ungemwachia mpira, angeishi?"

"Nilimwangalia nikaona hataishi, na yule mwingine ana nafasi. Ndivyo nilivyoona. Labda nilikosea. Sitajua mpaka nakufa."

Fundi alitazama magari yakipita. "Na mimi nimekaa mle ndani nakusifu," alisema polepole. "Nimesema sindano." Akaondoka. Hakugeuka nyuma.

Jioni ile Sista Pumzi alimweleza mwalimu kila kitu, tangu ile alasiri ya mvua. Mwalimu alisikiliza akiwa na chaki bado kwenye mikono ya shati. Hakumlaumu. Alichouliza kilikuwa, "Alijuaje ninafundisha wapi?" Wakakaa wakitazamana, chakula kikapoa.

Bajeti ilisomwa mwezi wa tano. Kwenye ukurasa wa watoto wachanga hapakuwa na mashine wala vigawanyio. Palikuwa na mafunzo ya maadili kwa wauguzi. Wiki hiyohiyo Sista Pumzi akapokea barua ya kutakiwa kujieleza, yenye mihuri miwili, ikisema kwamba "aliondoa huduma ya kuokoa maisha kwa mgonjwa bila idhini". Daktari mkuu alimkabidhi barua hiyo bila kumtazama usoni. Wenzake wodini wakaanza kuongea kwa sauti ya chini akiingia. Gari jeupe likawa linaegeshwa karibu na lango la kituo mchana, dereva ndani, madirisha yamepandishwa. Pengine lilikuwa la mtu mwingine kabisa. Hakuna aliyekwenda kuuliza.

Kamati ya nidhamu ilipangwa, ikaahirishwa. Ikapangwa tena, ikaahirishwa. Kila mara alipiga pasi gauni lake, akafika, akaambiwa atajulishwa.

Siku moja ya Jumamosi fundi akabisha hodi nyumbani kwake. Alikataa kukaa. Alisimama kizingitini na mkoba wake wa vitambaa.

"Wamenipigia simu mara nne," alisema. "Yule mwenye sauti ya chini. Wamekuja hata kibandani kwangu na karatasi imeshaandikwa tayari. Wameandika kwamba ulikuwa na chuki na mimi. Ulikuwa na chuki na mimi?"

"Sikuwa nakujua, mdogo wangu."

"Ndivyo nilivyowaambia. Sijaweka saini." Akamwona Sista Pumzi anaanza kufunika uso, akainua mkono. "Usilie kwanza. Sijasema nimekusamehe. Nimesema sijasaini. Hayo ni mambo mawili."

Akaondoka kama alivyokuja.

Bila saini, faili halikuweza kwenda mbele, wala halikufungwa. Mwezi wa nane katibu akapiga simu: mheshimiwa anamwomba sista afike ofisini. Safari hii hakukalishwa kwenye viti vya chuma. Aliingizwa moja kwa moja, akavutiwa kiti, akaulizwa tena habari za mwalimu. Juu ya meza palikuwa na faili la rangi ya samawati lenye jina lake.

"Hili ni jambo dogo," mheshimiwa alisema, kiganja kimelala juu ya faili. "Mambo madogo yanaweza kukaa kwenye droo miaka na miaka. Mimi si mtu wa kuharibu maisha ya watu. Nimepata mfadhili wa mashine moja, mpya kabisa, kwa ajili ya wodi yako. Tutaikabidhi hadharani. Ningependa wewe usimame na mimi, useme maneno mawili. Wananchi wanakuamini."

"Tuliomba za vituo vyote, mheshimiwa. Na fungu la kuzitunza."

"Mliomba," alisema, akitabasamu. "Mimi natoa."

Sista Pumzi alitoka pale akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha fundi. Hakujua kwa nini miguu ilimpeleka huko badala ya nyumbani. Fundi alisikiliza huku anakanyaga cherehani, hakusimamisha gurudumu hata mara moja.

"Mashine itafanya kazi?" akauliza mwishoni.

"Itafanya."

"Basi simama. Watoto hawajui nani kaileta." Akakata uzi kwa meno. "Mimi usiniite."

Alisimama. Palikuwa na turubai, spika mbili na utepe mwekundu. Alisema maneno aliyoandikiwa, sentensi nne, na sentensi ya mwisho ilimshukuru mheshimiwa kwa kuwasikiliza wauguzi. Watu walipiga makofi. Mheshimiwa alimshika bega wakati wa picha, na mkono ule ulikaa pale muda mrefu kuliko picha yenyewe. Mashine ikaingizwa wodini na karatasi ya uso wake imebandikwa ubavuni. Ilifanya kazi vizuri, haikukohoa. Kabla mwezi haujaisha watoto kumi na mmoja walikuwa wamepumulia mashine hiyo, na Sista Pumzi alimwangalia kila mmoja wao akijaribu kufurahi. Mara nyingine aliweza.

Simu ya pili ilikuja mwezi wa kumi na moja, mchana, akiwa anakunja mashuka.

"Sista, mheshimiwa anakusalimu," katibu alisema. "Kuna muuguzi wa kituo cha upande wa pili ameongea na waandishi wa habari. Anasema watoto watatu wamefariki kwao kwa kukosa oksijeni. Mambo ya kuchafuana hayo. Tumeandaa taarifa kwamba huduma ni nzuri na kwamba muuguzi huyo ni mzembe. Wewe ni mkongwe, jina lako lina uzito. Pita kesho uweke saini."

Sista Pumzi alimfahamu muuguzi yule. Alikuwa binti mwembamba aliyewahi kuja kwake kujifunza kazi, anayeuliza maswali hata wakati wa kula. Kituo chao kilikuwa miongoni mwa vile vilivyoorodheshwa kwenye karatasi ya ombi iliyobaki mezani kwa mheshimiwa.

"Umenisikia, sista?"

"Nimekusikia. Sitakuja."

Alisikia karatasi ikigeuzwa upande ule.

"Labda ufikirie kwanza."

"Nimefikiri miezi mingi, baba. Sitasaini."

"Basi sawa," katibu alisema, kwa upole uleule, akakata simu.

Barua ilifika baada ya siku tatu. Safari hii kamati haikuahirishwa, saini ya fundi iwepo isiwepo. Mwalimu naye alipata yake siku hiyohiyo: anahamishiwa shule iliyo mwendo wa siku nzima kwa basi, aripoti muhula ujao. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya kikombe. "Vuta pumzi," akamwambia mkewe, na wakacheka kidogo, kicheko kisichofika mbali.

Siku ya kamati fundi alikuwapo. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amekaa kwenye benchi la nje tangu saa moja asubuhi, akadai kuingia kama mzazi, na hawakuwa na kifungu cha kumzuia. Watu watano walikaa nyuma ya meza ndefu. Katibu alikuwa pembeni yao, ingawa hakuna aliyeeleza yuko pale kwa kazi gani.

Wakamuuliza fundi kama ana malalamiko.

"Ninayo," alisema. "Mtoto wangu alitolewa hewa, na nikafichwa. Huyu dada alinificha, na hilo nitamdai yeye mwenyewe, si ninyi. Lakini barua tatu za kuomba kile kipande cha plastiki alizipeleka kwa nani? Nataka huyo naye aitwe. Nitakaa hapa nimsubiri."

Mwenyekiti wa kamati aliandika kitu, akakifuta. Akamtazama katibu, katibu akatazama dirishani. Kisha Sista Pumzi akaulizwa maswali yaleyale ya siku ile, na akayajibu vilevile, mbele ya fundi, bila kupunguza.

"Uamuzi mtaupata kwa maandishi," mwenyekiti alisema.

Wiki sita zimepita bila maandishi. Mwalimu amepakia vitabu vyake kwenye maboksi mawili. Yule muuguzi binti amesimamishwa kazi. Fundi huenda ofisi ya kamati kila Jumatatu na kuuliza kama mtu wa barua tatu ameshaitwa, na kila Jumatatu anaambiwa arudi. Sista Pumzi anaendelea na zamu zake. Anaingia saa moja kasorobo, anazisikiliza mashine zote mbili, anahesabu watoto. Lile gari jeupe limerudi kwenye lango. Juzi dereva aliteremsha kioo kwa mara ya kwanza, akamsalimia kwa jina lake halisi, ambalo hata wodini wengi hawalijui.

Akaitikia, akaingia kazini.